Carp ya Hiroshima ni ya nani?

Daftari la hisa la klabu ya beisiboli ya Hiroshima Toyo Carp halina siri kubwa. Karibu theluthi moja ya hisa ni ya kampuni ya magari ya Mazda, na sehemu kubwa ya zilizobaki iko mikononi mwa familia ya Matsuda, ileile iliyoijenga Mazda. Ukitoka ofisini ukaingia mtaani, habari inabadilika. Wenyeji wa Hiroshima watakwambia Carp ni timu ya wananchi, na wanalisema jambo hilo kwa uzito wote, kwa sababu ni timu iliyowahi kuokolewa na sarafu za wapita njia zilizotumbukizwa ndani ya mapipa ya sake.

Wengi wanaoandika kuhusu Carp huchagua jibu moja na kuliacha la pili. Wanaopenda hesabu wanasema hiyo habari ya wananchi ni hadithi tamu tu, na wanaopenda hadithi hawataki kusikia habari ya hisa. Mimi naamini huwezi kuielewa timu hii mpaka uyashike majibu yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo tuanze na pesa, kisha twende kwenye mapipa.

Beisiboli ya kulipwa nchini Japani ina timu 12, sita katika Ligi ya Kati na sita katika Ligi ya Pasifiki. Yatazame majina yake: Yomiuri ni gazeti, Hanshin ni kampuni ya reli, Yakult wanauza kinywaji cha maziwa, Nippon-Ham ni wauza nyama, SoftBank ni kampuni ya simu. Timu imebeba jina la kampuni mama, na kampuni mama inaibeba timu. Ikipata hasara mwisho wa mwaka, kampuni inalipa na kuiandika kama gharama ya matangazo. Utaratibu huu ulipata nguvu mwaka 1954, mamlaka ya kodi ya Japani ilipotoa waraka ulioruhusu waziwazi hasara ya timu kuhesabiwa hivyo. Tangu hapo kampuni ya reli au ya nyama haikuwa na sababu kubwa ya kuumiza kichwa kama timu yake inaingiza faida au la. Jina lilisomwa kila siku magazetini, basi.

Carp ilizaliwa nje ya utaratibu huo, na tabia yake nyingi zimetokana na hapo.

Bomu la atomiki liliangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi. Kufikia mwisho wa mwaka ule watu wanaokadiriwa kuwa 140,000 walikuwa wamekufa. Miaka minne baadaye mji ulikuwa bado wa vibanda, na ndipo beisiboli ya kulipwa ilipoamua kugawanyika kuwa ligi mbili na kukaribisha timu mpya. Hiroshima walikuwa watu wa mchezo huu tangu zamani. Shule zao za sekondari zilikuwa zimekwisha kutwaa ubingwa wa taifa mara kadhaa kabla ya vita. Wakaomba nafasi. Kampuni kubwa ya kuwashika mkono hawakuwa nayo, kwa hiyo mtaji ukapangwa utoke kwa serikali ya mkoa, halmashauri za miji, gazeti la mkoa la Chugoku Shimbun na wakazi wenyewe. Timu ikapewa jina la yule samaki wa mtoni ambaye Wajapani humwita koi na Waingereza carp. Mto Ota unaopita mjini ulisifika kwa samaki hao, ngome ya kale ya Hiroshima huitwa Ngome ya Koi, na katika simulizi za nchi zile koi ndiye samaki anayepanda maporomoko ya maji.

Kocha wa kwanza, Ishimoto Shuichi, alikuwa mtoto wa mji huo. Alikuwa na sifa kubwa tangu kabla ya vita, na alipofika alikuta timu isiyo na wachezaji wa kutosha wala fedha. Msimu wa 1950 Carp ilishinda mechi 41 na kupoteza 96, ya mwisho kati ya timu nane. Mishahara ilichelewa. Halmashauri zilizoahidi mtaji zilikuwa zinajenga upya barabara na shule, na ahadi nyingine hazikutimia. Mwanzoni mwa 1951 viongozi walikaa kujadili kama timu ivunjwe au iunganishwe na Taiyo Whales ya Shimonoseki.

Ishimoto alikataa. Akapendekeza ziundwe kamati za wafuasi katika kila mtaa na kila mahali pa kazi, watu wachangie kidogokidogo kila mwezi. Alizunguka vijijini na viwandani kuhutubia na kuomba. Mara nyingine alimwachia msaidizi wake, Shiraishi Katsumi, kazi ya kuongoza mechi, yeye akiwa kwenye shughuli za kutafuta fedha. Nje ya lango la uwanja wa Sogo yakawekwa mapipa ya mbao ya sake, yale makubwa ya duara, ili kila anayeingia adondoshe alichonacho. Hiroshima ya 1951 ilikuwa na wajane, watu wenye makovu ya moto, mafundi wasio na kazi za kudumu. Hao ndio walioweka yen 10, yen 5. Haba na haba ikawa mishahara, nauli za treni za mechi za ugenini, vifaa. Timu haikuvunjwa.

Mwaka uliofuata hatari ilirudi kwa sura nyingine. Ligi ya Kati ilikuwa na timu saba, idadi isiyogawanyika kwa mbili, na wamiliki walitaka kupunguza moja. Wakakubaliana kwamba timu itakayoshinda chini ya asilimia 30 ya mechi zake itaondolewa. Carp, maskini kuliko wote, ndiyo iliyotarajiwa kuanguka. Ilimaliza na asilimia 31.6. Walioanguka ni Shochiku Robins, mabingwa wa ligi hiyo miaka miwili tu kabla, wakaunganishwa na Taiyo.

Pesa za mapipa zilifanya na jambo jingine ambalo kwangu lina uzito wake. Mwaka 1953 zilisaidia kuwaleta kutoka Marekani ndugu wawili wa ukoo wa Zenimura, Kenso na Kenshi. Baba yao, Kenichi Zenimura, alizaliwa Hiroshima mwaka 1900, akahamia Marekani, na hatimaye akawa mtu mashuhuri wa beisiboli katika jamii ya Wajapani wa Fresno, California. Wakati wa vita serikali ya Marekani iliwafungia kambini raia wake wenye asili ya Japani. Zenimura, akiwa kwenye kambi ya Gila River katika jangwa la Arizona, alijenga uwanja wa beisiboli kwa mikono yake na ya wanawe. Vijana waliocheza ndani ya uzio wa kambi ya Marekani wakaja kuvaa jezi ya mji uliopigwa bomu na Marekani. Umati uliojipanga barabarani kuwapokea haukuwa wa kawaida. Mwaka 1955 akafuata Fibber Hirayama, naye wa California, naye aliyepitia kambini, akacheza Carp miaka kumi.

Turudi kwenye daftari la hisa, kwa sababu hapa ndipo familia ya Matsuda inapoingia. Michango iliinusuru timu, lakini madeni hayakuisha. Mwishoni mwa 1955 kampuni ya kwanza ilifungwa na mpya ikaundwa, wafanyabiashara wa mji wakiwa nyuma yake. Mwaka 1957 makampuni kumi ya Hiroshima yalichanga yen milioni 160 kujengea uwanja wenye taa za usiku, katikati ya mji. Uwanja huo wa Manispaa ulisimama ng'ambo ya barabara kutoka lile jengo lililobaki mifupa baada ya bomu, ambalo dunia nzima inalitambua kwenye picha. Mtu akitoka kazini aliteremka kwenye tramu, akalipita jengo hilo, akaingia kutazama mpira. Miaka zaidi ya 50 ilikuwa hivyo.

Mmoja wa wachangiaji alikuwa Matsuda Tsuneji wa kampuni ya Toyo Kogyo, watengenezaji wa magari ya Mazda. Kufikia 1968 ndiye alikuwa mmiliki mkuu, na jina likawa Hiroshima Toyo Carp. Mtu angedhani timu sasa imepata kampuni mama kama wenzake. Kwa muda ilielekea huko, kisha mambo yakachukua njia nyingine. Mgogoro wa mafuta wa 1973 uliipiga Toyo Kogyo vibaya, maana injini zake za rotari zilikunywa petroli nyingi. Benki iliyoikopesha ikaingia kusimamia uongozi, na mwaka 1977 Matsuda Kohei, mwana wa Tsuneji, aliachia urais wa kampuni. Carp alibaki nayo. Tangu hapo familia imeendesha timu bila kuendesha kiwanda, na kiwanda kimeshika hisa bila kuilipia timu hasara. Kampuni ilibadili jina lake kuwa Mazda mwaka 1984, lakini timu inaitwa Toyo hadi leo. Mwaka 2002 umiliki ulipita kwa Matsuda Hajime, mwana wa Kohei.

Kwa hiyo Carp ina mwenyewe, ila haina mfadhili. Lazima ijilipie. Na kwa miongo mingi ilijilipia: kuanzia 1975 ilifunga hesabu zake kwa faida kila mwaka, mpaka janga la korona lilipofunga viwanja mwaka 2020. Ilitumia njia gani? Viingilio, kwanza. Haki za televisheni, ambazo nchini Japani zinauzwa na timu mwenyeji: Yomiuri Giants walipokuja Hiroshima mechi ilionyeshwa nchi nzima, na malipo yake yalikuwa makubwa. Halafu mishahara midogo. Hapo hakuna haja ya kupamba maneno. Wachezaji wa Carp kwa miaka mingi walilipwa chini ya wenzao, na walijua.

Upungufu huo ulitengeneza namna ya kucheza. Asiyeweza kununua mchezaji aliyekomaa sharti amlee. Carp ikajulikana kwa kuokota vijana ambao wengine hawakuwataka, na kwa mazoezi makali ambayo wachezaji wa timu nyingine wanayazungumzia kwa hofu. Mpira wao ukawa wa mbio: kuiba vituo, yaani kukimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa, kupiga mpira mfupi wa makusudi ili mwenzako asogee, kuchunga kila pointi.

Matunda hayakuja upesi. Katika misimu 25 ya kwanza walimaliza ndani ya nafasi tatu za juu mara moja tu, mwaka 1968. Kulikuwa na msemo kwamba Carp ni wakali hadi msimu wa bendera za koi, zile za samaki wa kitambaa zinazopandishwa mwanzoni mwa Mei kwa ajili ya watoto. Zikishushwa, na timu inashuka. Kuanzia 1972 walishika mkia miaka mitatu mfululizo.

Kisha ukaja mwaka 1975. Timu ilikabidhiwa kwa Mmarekani Joe Lutz, na jambo la kwanza alilofanya ni kubadili rangi ya kofia kutoka bluu kuwa nyekundu, akitaka wachezaji wavae ari yao kichwani. Hakudumu. Mwishoni mwa Aprili aligombana na waamuzi, na viongozi wa klabu walipoingilia akaona mamlaka yake yamevunjwa, akaondoka baada ya mechi 15. Nyekundu ikabaki. Koba Takeshi, aliyewahi kuichezea timu hiyo, akachukua usukani, na tarehe 15 Oktoba, katika uwanja wa Korakuen jijini Tokyo, Gail Hopkins alipiga mpira nje ya uwanja katika awamu ya tisa, ya mwisho, na kuleta pointi tatu. Carp wakawa mabingwa wa Ligi ya Kati kwa mara ya kwanza, mbele ya Giants wenyewe, ambao mwaka huo walishika mkia. Gwaride lilipopita Barabara ya Amani, watu wapatao 300,000 walijitokeza, baadhi wakiwa wamebeba picha za ndugu zao waliokufa.

Nyota wa mwaka ule walikuwa wawili waliozaliwa miezi michache tofauti. Yamamoto Koji alikuwa mzaliwa wa mkoa wa Hiroshima, mpigaji aliyestaafu na mipira 536 aliyoituma nje ya uwanja. Wa pili, Kinugasa Sachio, alizaliwa Kyoto mwaka 1947. Mama yake Mjapani, baba yake askari Mmarekani mweusi wa jeshi lililoikalia Japani baada ya vita. Katika Japani ya wakati huo mtoto wa namna hiyo alikua akitazamwa kila anapopita. Kinugasa alijibu kwa kuwepo. Kuanzia Oktoba 1970 hadi alipostaafu mwishoni mwa 1987 hakukosa hata mechi moja: mechi 2,215 mfululizo, akiipita rekodi ya dunia ya Mmarekani Lou Gehrig ya 2,130.

Mfululizo huo nusura ukatike tarehe 1 Agosti 1979. Nishimoto Takashi wa Giants alimrushia mpira uliompiga na kumvunja mfupa wa bega. Kesho yake, bila kutarajiwa, Kinugasa aliingia kama mpigaji wa akiba. Mrushaji alikuwa Egawa Suguru, mwenye mpira wa kasi uliotisha ligi nzima. Kinugasa angeweza kusimama tu, ahesabiwe amecheza, arudi benchi. Alizungusha gongo mara tatu kwa nguvu zake zote, akakosa mara tatu, akatoka. Baadaye alieleza kuwa mzunguko wa kwanza ulikuwa kwa ajili ya mashabiki, wa pili kwa ajili yake mwenyewe, na wa tatu kwa ajili ya Nishimoto, ambaye alijua hakufurahia kilichotokea.

Mwaka huohuo Carp walifika fainali ya taifa, inayokutanisha mabingwa wa ligi mbili, dhidi ya Kintetsu Buffaloes. Hakuna kati yao aliyewahi kuitwaa. Tarehe 4 Novemba, mechi ya saba, Osaka, Carp wakiongoza 4 kwa 3, Kintetsu walikuwa na nafasi yao ya mwisho ya kupiga. Mrushaji alikuwa Enatsu Yutaka, mkongwe aliyepita timu kadhaa kabla ya kutua Hiroshima. Mpira wake wa kwanza ukapigwa safi, na mpigaji akafika kituo cha kwanza. Mkimbiaji wa akiba aliyechukua nafasi yake, Fujise, akaiba kituo cha pili, na mrusho wa kumzuia ulipopotea akafika cha tatu. Enatsu akampa mpigaji mwingine nafasi ya bure ya kwenda kituo cha kwanza, kisha mwingine. Vituo vitatu vimejaa, hakuna aliyetolewa, na awamu haiishi mpaka watolewe watatu. Pointi moja ni sare, mbili ni kombe.

Wakati huo Enatsu aliona mrushaji mwenzake ameamriwa kupasha mwili pembeni. Aliudhika, kwake ilikuwa ishara kwamba kocha hamwamini. Kinugasa aliliona hilo kutoka kituo cha kwanza, akamwendea, akamwambia kwamba naye anaona vilevile, asijali, amalize kazi. Mpigaji wa kwanza akakosa mipira mitatu, akatoka. Wa pili, Ishiwata, alipangiwa hila: auguse mpira polepole huku Fujise akikimbilia nyumbani, yaani kituo cha mwisho kinacholeta pointi. Enatsu alikuwa ameshainua mkono kurusha mpira wa kupinda alipohisi hila hiyo, na akiwa katikati ya mrusho akaupeleka mbali na gongo. Ishiwata akaukosa. Mdakaji Mizunuma akainuka akaudaka, na Fujise, aliyekuwa nusu ya njia, akaguswa na kutolewa. Mipira miwili baadaye Ishiwata naye akatoka. Wajapani waliokuwa hai siku ile wanaijua awamu hiyo kwa idadi ya mipira yake: 21. Carp walilitetea kombe mwaka uliofuata, na kulitwaa tena 1984.

Baada ya ubingwa wa ligi wa 1991 neema ilikatika, na sababu yake ni ileile ya pesa. Mwaka 1993 ulianza utaratibu wa mchezaji huru: aliyetumikia miaka ya kutosha aliweza kuhamia anakotaka. Kwa timu tajiri ulikuwa mlango wa kununulia. Kwa Carp ulikuwa mlango wa kutokea. Eto Akira alikwenda Giants, Kanemoto Tomoaki akaenda Hanshin, na orodha ikarefuka. Carp wenyewe hawakumsajili hata mchezaji huru mmoja wa ndani katika miaka yote hiyo.

Walijaribu njia nyingine. Mwaka 1990 walifungua chuo cha kulea vijana katika Jamhuri ya Dominika, nchi yenye vipaji vingi na umaskini mwingi. Wazo lilikuwa zuri, ila lina upande ambao mashabiki hawapendi kuugusa. Alfonso Soriano alitoka chuoni humo, akaichezea Carp mechi tisa tu mwaka 1997, akaomba mshahara zaidi, akanyimwa. Akatangaza kustaafu ili kujinasua kwenye mkataba, akasaini na New York Yankees mwaka 1998, na akamaliza kazi yake Marekani na mipira 412 nje ya uwanja. Kubana matumizi kuliihifadhi klabu, na kuliigharimu pia. Kuanzia 1998 hadi 2012 Carp hawakufika nafasi tatu za juu hata mara moja.

Mwaka 2004 ilionekana kama historia inajirudia. Kintetsu walichoka kulipa hasara na kutangaza kuungana na Orix, na baadhi ya wamiliki wakataka ligi mbili ziwe moja yenye timu chache. Wachezaji wa nchi nzima waligoma siku mbili Septemba, mgomo wa kwanza katika historia ya mchezo huo Japani. Hiroshima, yenye uwanja mkuukuu na mashabiki wachache viwanjani, ilijua jina lake lingetajwa. Mapipa yakatolewa tena, safari hii kwa ajili ya uwanja mpya, na zaidi ya yen milioni 120 zikapatikana. Uwanja unagharimu mara nyingi zaidi ya hapo, na ulijengwa na manispaa. Lakini hakuna meya ambaye angeweza kuwaambia watu waliorudia kujaza mapipa kwamba jambo lao halina umuhimu.

Uwanja huo, ulio karibu na stesheni kuu, ulifunguliwa Aprili 2009 na unaitwa kwa jina la Mazda, walionunua haki hiyo. Abiria wa treni ya mwendo kasi wanauona dirishani. Una nyasi za asili, na njia pana inayozunguka majukwaa, kiasi kwamba unaweza kununua bakuli la udon, tambi zinazouzwa kwenye mechi za Carp tangu zama za uwanja wa zamani, ukatembea duara zima bila kupoteza mchezo machoni. Umechangia sana kubadili hesabu za klabu. Mwaka 2015 mahudhurio yalipita watu milioni 2 kwa mara ya kwanza.

Ukiingia humo utakutana na ushangiliaji wenye mizizi mirefu. Mashabiki wa Carp ndio wanaotajwa kuwa chanzo cha desturi, iliyoenea sasa Japani nzima, ya kumtungia kila mpigaji wimbo wake wa tarumbeta. Wanagonga miko ya mbao ya kupakulia wali, bidhaa maarufu ya kisiwa cha jirani cha Miyajima, na sauti ya maelfu ya miko kwa pamoja ni kavu na kali. Halafu kuna kuchuchumaa: nusu ya jukwaa inasimama nusu inakaa, kisha wanabadilishana, awamu nzima ya kupiga, magoti yawake moto. Kuanzia mwaka 2013 hivi wakaongezeka wasichana wa Tokyo waliovaa nyekundu, wengi wasio na ndugu Hiroshima. Mwaka 2014 klabu, ile yenye sifa ya mkono mgumu, iliwalipia zaidi ya mia moja nauli ya treni ya mwendo kasi kwenda kuona mechi ya nyumbani.

Uhusiano wa jukwaa na uwanja, hata hivyo, unaeleweka zaidi kupitia Kuroda Hiroki. Mwaka 2006 alikuwa mrushaji bora wa timu dhaifu, na haki yake ya kuwa mchezaji huru ilikuwa imefika. Katika mechi ya mwisho nyumbani mashabiki walitandaza bango kubwa jukwaani: tumepigana pamoja na tutaendelea kupigana pamoja, ukitokwa na machozi, sisi tutakuwa machozi yako. Kuroda hakuondoka. Alipokwenda Los Angeles Dodgers mwaka mmoja baadaye aliahidi kurudi akiwa bado ana nguvu ya kurusha. Wachezaji wengi husema hivyo. Mwishoni mwa 2014, baada ya miaka saba Marekani, akiwa na miaka 39, mezani kwake kulikuwa na ofa inayotajwa kufika dola milioni 18. Alisaini na Carp kwa yen milioni 400, chini ya robo ya kiasi hicho.

Arai Takahiro, mwenyeji wa Hiroshima aliyehamia Hanshin akilia mbele ya kamera, naye alirudi msimu huohuo, kwa yen milioni 20 baada ya kulipwa milioni 200. Tarehe 10 Septemba 2016, Tokyo Dome, Kuroda alianza kurusha dhidi ya Giants, Carp wakashinda 6 kwa 4 na kuwa mabingwa wa ligi baada ya miaka 25. Wazee hao wawili walikumbatiana uwanjani wakilia kama watoto. Fainali ya taifa waliipoteza kwa Nippon-Ham, na Kuroda akastaafu. Ubingwa wa ligi waliutwaa tena 2017 na 2018.

Kuna tarehe moja ambayo klabu na mji wameizungumza kwa uangalifu. Kwa miongo mitano haikuchezwa mechi Hiroshima tarehe 6 Agosti. Ilikuwa siku ya mapumziko kwa watumishi wa uwanja wa manispaa. Mwaka 2011, kwa mara ya kwanza tangu 1958, Carp walicheza nyumbani siku hiyo. Wapo waliosema siku ya maombolezo si ya mpira. Wengine walijibu kwamba mpira huu ulianzishwa na waombolezaji. Mimi nasimama na hawa wa pili. Mwaka 2015, miaka 70 baada ya bomu, wachezaji wote na makocha walivaa jezi yenye namba 86, mwezi wa nane tarehe sita.

Pesa bado inasukuma. Maru Yoshihiro, mchezaji bora wa ligi 2017 na 2018, alikwenda Giants mara baada ya mataji matatu. Tofauti na zamani, klabu sasa hupata kitu nyota wake wanapokwenda Marekani kabla ya haki yao ya uhuru kuiva: Dodgers walilipa dola milioni 20 za kumchukua Maeda Kenta mwaka 2016, na Chicago Cubs wakalipa zaidi ya milioni 14 kwa Suzuki Seiya mwaka 2022. Msimu wa 2023 ukocha alipewa Arai, yule aliyeondoka na kurudi kwa moja ya kumi ya mshahara, na timu isiyonunua wachezaji huru ikamaliza ya pili.